Nguchiro na Wakubwa Waliofuta Maji

Hapo zamani za kale, lakini si zile za kale mno, maana simu zilikuwa zimekwisha kuingia porini na kila mnyama alining'iniza ya kwake shingoni, palikuwa na nchi iliyoitwa Mavumbini. Jina lenyewe linawaambia hali ya hewa ya huko.

Maji ya Mavumbini yalikuwa chini sana. Nyegere na Muhanga walichimba kisima kirefu, kirefu hata ukitupa jiwe unapiga chafya mbili kabla hujalisikia likisema chubwi! Juu ya kisima pakawekwa pampu. Pampu ilikuwa na ufunguo mmoja.

Ufunguo alikuwa nao nani? Kelele hizo za nini? Nimewasikia. Ndio, Ndovu. Wapi mmeona mkubwa akachimba? Na wapi mmeona mkubwa akakosa ufunguo?

Kila asubuhi Ndovu alifungua pampu, shwaaa! Akanywa, akajimwagia mgongoni. Kisha akamwita rafiki yake Kiboko, naye akagaagaa palepale kwenye tope, akicheka kwa tumbo. Kisha akaitwa Kifaru, bwana asiyeona mbali na asiyesikia la mtu. Wakishatosheka watatu hao, Ndovu alifunga pampu, ka! akaenda kulala. Wadogo wakabaki kulamba matope.

Mwaka mmoja mvua za vuli hazikunyesha, na za masika zikapita juu kwa juu kama mgeni asiyetaka kukaribishwa. Ukaitishwa mkutano wa wanyama wote. Wengi walikohoa tu, wakatazama chini. Aliyesimama ni Mama Digidigi, mwenye miguu kama vijiti vya kuchokolea meno.

"Mwanangu wa kwanza alikufa kiangazi kilichopita," alisema. "Alikufa ulimi nje, hatua ishirini kutoka kwenye pampu hii. Pampu ilikuwa imefungwa na mwenye ufunguo alikuwa amelala. Sasa ninaye wa pili. Huyu simtoi."

Hata Kiboko aliacha kutafuna.

Wakubwa waliona haya. Si haya nyingi, haya ya kutosha mkutano mmoja tu. Ndovu akasimama, akasafisha mkonga, akasema kwamba hata yeye jambo hilo lilikuwa likimnyima usingizi. Wakakubaliana: itengenezwe programu ya zamu, iingie katika simu ya kila mmoja, nayo ndiyo iendeshe pampu. Siku itakapoanza kufanya kazi, Ndovu ataurusha ufunguo kisimani mbele ya watu wote.

"Fundi nani?" wakauliza.

"Mimi hapa," ikasema sauti nyembamba.

Alikuwa Chiku, Nguchiro wa kwenye kichuguu, mwenye mkia kama ufagio na macho yasiyotulia. Juu ya kichuguu chake aliweka kipande cha sola, ndani akaweka kompyuta, na mchana kutwa ungesikia vidole vyake, tak-tak-tak-tak, akiandika programu za watu.

"Nitajieni mnachotaka," alisema, "nami nitaandika."

Wakamtajia mambo matatu. Kila mnyama awe na zamu. Zamu ikifika, simu ilie. Mwenye zamu akibonyeza kitufe, pampu imtolee maji. Chiku akayaandika karatasini, wakubwa wakagonga nyayo zao chini yake, puu! puu! puu!

"Siku ishirini," alisema Chiku.

"Siku ishirini!" mkutano ukapiga makofi.

Akaenda kwake, akaanza kazi. Tak-tak-tak-tak.

Siku ya nne kivuli kikubwa kikaziba mlango wa kichuguu. Alikuwa Kiboko.

"Fundi, hujambo? Nina jambo dogo tu."

"Sijambo, bwana mkubwa. Jambo gani?"

"Simu ikifunguliwa, itokee picha yangu kwanza. Nikiwa nimefungua kinywa. Hivi, aaaah!"

Chiku akarudi nyuma kwa harufu. "Bwana mkubwa, picha haimo katika yale matatu."

"Ndiyo maana nimekuja kuitia! Picha moja inakushinda? Basi wewe fundi wa nini?"

Chiku akaona asigombane na kinywa cha ukubwa ule. Akaitia picha. Siku mbili zikaenda.

Siku ya saba akaja Ndovu. "Chiku mwanangu, nasikia kuna picha ya Kiboko. Sasa mwenyekiti ni yeye?"

"Hapana, Mzee."

"Basi weka yangu juu yake. Na simu isilie huo mlio wa kitoto. Ilie sauti yangu. Paaaaah! Jambo dogo tu."

Siku ya tisa akaja Kifaru. "Nani kaweka kelele humu? Nimeshtuka nikapiga pembe mti! Toa sauti. Na herufi ziwe kubwa kama vibuyu, zote nyekundu."

Chiku akatoa sauti. Kesho yake Ndovu akauliza sauti yake iko wapi. Chiku akairudisha. Kiboko akasema nyekundu inamkumbusha macho ya shemeji yake, iwe kijani. Akaweka kijani. Kifaru akasema kijani hakioni, anadhani ni majani, amekwisha kulamba simu yake mara mbili. Ndovu akataka orodha ya vyeo vyake isomwe kabla ya zamu kutangazwa, navyo vilikuwa kumi na vinne, kimojawapo "Mlezi wa Vivuli Vyote".

Tengeneza, bomoa. Bomoa, tengeneza. Siku ishirini zikafika, na programu ilikuwa na mapambo kama pete za mganga, lakini maji haitoi. Kila Chiku alipokaa kushika kitufe cha maji, mlango ulizibwa na kivuli.

Jioni ya siku ile Mama Digidigi alikuja, mwanawe mgongoni. Mtoto hakuwa akilia, midomo ilikuwa imemkauka mpaka ikapasuka.

"Dada Chiku, ulisema siku ishirini. Iko wapi programu?"

Chiku akasogea karibu naye. Akamwonyesha simu. Mara, kinywa cha Kiboko wazi, meno yote, na juu yake mkonga wa Ndovu.

Mama Digidigi akaitazama.

"Hii picha," aliuliza, "inanyweka?"

Wanangu, kuna maneno ambayo ni afadhali upigwe kofi. Chiku alimpa mtoto maji yote yaliyobaki katika mtungi wake. Yalijaza kifuu kimoja. Walipoondoka alikaa chini, mkia ukamlala. Wakubwa walikuwa wamefanya ukubwa wao, lakini aliyesema "ndiyo, bwana" na "ndiyo, Mzee" ni nani? Ni yeye.

Adhuhuri ya kesho yake akaenda kwenye pampu kuwaomba wakubwa waache kubadilibadili. Alikuwa bado nyuma ya tangi la pampu, hawajamwona, aliposikia sauti ya Kiboko majini.

"Ha ha ha! Leo nimwambie nini yule panya mrefu?"

"Mwambie kijani irudi nyekundu," alisema Ndovu, akijimwagia maji. Shwaaa!

"Nyekundu iwe njano," alisema Kifaru.

"Vyovyote. Jambo dogo hapa, jambo dogo pale, mpaka mvua zinyeshe. Programu isipokwisha, ufunguo si unabaki shingoni mwangu? Wakiuliza, tutasema fundi ni mzembe."

Wakacheka wote watatu, maji yakaruka mpaka yakamdondokea Chiku puani.

Chiku aliyalamba matone yale, akarudi kinyumenyume, taratibu, bila kuvunja kijiti. Kumbe! Alikuwa akidhani wale ni wapumbavu wasiojua wanalotaka. Kumbe wanalijua vizuri. Wanataka kazi isiishe.

Akakaa kichuguuni bila kugusa kompyuta. Akafikiri. Hawa watatu, alijiambia, nguvu ninazo za kushindana nao? Sina. Lakini wana kitu kimoja kikubwa kuliko miili yao, nacho ni kujipenda. Nitawashika hapo.

Asubuhi akaenda kwao, amepaka mkia mafuta, amejikunja mpaka kidevu kinagusa vumbi.

"Shikamoo, wakubwa zangu."

"Marahaba. Umekwisha kubadili rangi?"

"Nimekuja kuomba radhi. Kosa lilikuwa langu. Nimejaribu kuyatia mambo yenu makubwa katika programu moja na mambo ya kanga na panya. Tangu lini ndovu na panya wakala sahani moja?"

Ndovu akanyanyua masikio. "Hapo umenena."

"Wadogo wabaki na ile ya kwanza, isiyo na picha wala sauti. Nyinyi niwatengenezee yenu peke yenu. Itaitwa Programu ya Wakubwa. Wadogo wakiiona watalia wivu."

"Wivu!" alisema Kiboko, akijipapasa tumbo. "Nimeipenda."

"Ila kuna jambo moja," alisema Chiku. "Programu ni kama kibuyu. Kikijaa, kimejaa. Ukitaka kutia kipya, huna budi kutoa cha zamani. Nami sitagusa kitu mpaka nyote watatu mgonge nyayo karatasini, ili msije mkasema nimewaibia heshima yenu."

Je, ni kweli programu ni kama kibuyu? Nusu kweli. Mapambo hula siku za fundi, na siku ndizo hujaa. Nusu ya pili ilikuwa ujanja, na msinikunjie uso, maana na nyinyi mmekwisha kuwadanganya mama zenu kwa madogo kuliko hayo.

"Sawa," alisema Ndovu. "Picha zetu tatu ziingie, kubwa. Kuna nini cha kutoa?"

Chiku akafungua karatasi. "Kuna mambo matatu ya zamani. La kwanza ni zamu."

"Zamu?" Kifaru akapuliza pua, fyuuu! "Wakubwa tukapange zamu? Toa!"

"Mzee, nikitoa zamu..."

"Ametuuliza au anatufundisha? Toa!"

Puu! Puu! Puu! Nyayo tatu.

"Sasa sauti yangu," alisema Ndovu. "Paaaaah! Na vyeo vyangu vyote kumi na vinne."

"Kuna mlio wa simu, ule unaokwambia wakati wako umefika."

"Huo wa kitoto? Toa!"

Puu! Puu! Puu!

"Na mimi?" alisema Kifaru. "Nataka herufi kama vibuyu, na pembe yangu ing'ae. Toa chochote kilichobaki."

Chiku aliweka kidole karatasini. Alitaka kutenda haki hata katika ujanja wake, kwa hiyo alisema polepole, neno kwa neno, "Wakubwa zangu, kilichobaki ni kitufe. Kitufe cha maji. Nikikitoa..."

"Kitufe!" Kiboko akacheka mpaka akakohoa. "Tazama mguu huu. Mimi nibonyeze kadude kama punje ya mtama? Vitufe ni vya wenye vidole vya kuibia mayai. Toa!"

"Bwana mkubwa, nauliza tena, kitufe cha ma..."

"TOA!" walinguruma wote watatu.

Puu! Puu! Puu!

Chiku akakunja karatasi, akaiweka kwapani, akainama mpaka chini. "Nimesikia, nami nimetii."

Ndovu alisifika nchi nzima kwa kumbukumbu. Ni kweli alikuwa nayo. Alikumbuka kila heshima aliyowahi kupewa na kila aliyesahau kumwamkia. Karatasi aliyoigongea unyayo asubuhi, mchana alikuwa amekwisha kuisahau.

Tak-tak-tak-tak! Sasa kivuli hakikuziba mlango. Wakubwa walikuwa mbali, wanagombana ni picha ya nani ikae katikati, na ugomvi huo uliwatosha siku nne nzima. Katika siku hizo nne Chiku alimaliza programu ya wadogo. Zamu, mlio, kitufe. Basi. Akaijaribu akiwa peke yake kwa tone moja, pampu ikatema, tweu! Akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto.

Siku ya tano mkutano ukaitwa kwenye pampu. Jua lilikuwa kali, vumbi limetulia. Wadogo walikuja wamebeba watoto na vibuyu vitupu. Wakubwa walikuja wamejipaka udongo mwekundu, simu zao zimefungwa kwa kamba mpya.

"Ndugu wananchi wa Mavumbini," alisema Ndovu, "kazi kubwa tumeifanya."

"Nani kaifanya?" alinong'ona Nyegere.

"Programu ya Wakubwa iko tayari. Na hata ile nyingine, ya... ya nyinyi. Sikilizeni!"

Akaigusa simu yake. Paaaaah! Kanga kumi wakaruka. Picha tatu zikatokea, pembe ya Kifaru inang'aa, kinywa cha Kiboko wazi, na herufi nyekundu kama vibuyu zikaanza kupita: MWENYEKITI. MLEZI WA VIVULI VYOTE. BABA WA NJIA PANA.

"Eeeee!" walisema wadogo.

Ndovu akafumba macho kwa utamu. Chiku alikuwa amesimama kando. Alipaza sauti.

"Na ahadi, Mzee?"

"Ahadi gani?"

"Ufunguo!" alisema Mama Digidigi.

"Ufunguo! Ufunguo! Ufunguo!" mkutano ukapokea, miguu midogo ikipiga chini.

Ndovu akasita. Mkonga ukagusa kamba ya shingoni. Lakini picha yake bado ilikuwa inang'aa mbele ya macho ya watu, na Kiboko alimpiga kiwiko, "Rusha tu, yetu si ndiyo kubwa kuliko zote?" Basi Ndovu akauinua ufunguo juu ili waliokuwa nyuma nao wauone, akaurusha.

Kanga mmoja akapiga chafya. Akapiga ya pili.

Chubwi!

Na hapohapo, ti-ti-ti! Ikalia simu moja ndogo iliyopasuka kioo. Ilikuwa ya Mama Digidigi. Kwa haraka akakosa kitufe mara mbili. Mara ya tatu akakipata.

Shwaaaaa!

Mtoto alitumbukiza uso mzima. Alikunywa, akapaliwa, akakohoa, akanywa tena. Mama yake hakunywa kwanza. Alisimama tu akimtazama anavyomeza, gu, gu, gu, na hakuna aliyemharakisha.

Ti-ti-ti! Zamu ya Kanga. Shwaaa! Ti-ti-ti! Zamu ya Muhanga. Shwaaa!

"Haya, imetosha," alisema Kiboko, akisukuma mbele. "Sasa sisi."

Akagusa simu yake. Paaaaah! Picha. Pembe. Vyeo vyote kumi na vinne vya Ndovu.

Maji, hata tone.

Akagusa tena. Paaaaah! Kifaru akagusa yake. Paaaaah! Ndovu naye. Paaaaah! Ikawa pa, pa, pa, kama arusi iliyokosa bibi arusi.

"Fundi!" Ndovu alinguruma. "Maji yetu yako wapi?"

Chiku akapanda juu ya tangi. Akafungua karatasi.

"Zamu: itolewe, ziingie picha tatu. Nyayo hizi za nani?"

Akaigeuza karatasi ili wote waone.

"Mlio: utolewe, iingie sauti ya Mzee na vyeo vyake. Kitufe cha maji: kitolewe, iingie pembe. Niliuliza mara mbili. Mlisema nini?"

"Walisema toa!" Kanga alipiga kelele. "Nilikuwa mtini, niliwasikia!"

Vicheko vikaanza nyuma, vidogo vidogo, kisha mkutano wote ukapasuka, panya wakashikana mbavu, Muhanga akaanguka chali.

"Nitaivunja pampu hii!" alisema Kifaru, akikwaruza ardhi.

"Vunja," Nyegere akamjibu, na wala hakuinuka alipokaa. "Mimi na Muhanga ndio tuliochimba, na tumechoka. Ukiivunja, utakunywa vumbi kama sisi tulivyokunywa. Tuone nani amelizoea."

Kifaru alitazama pampu. Hata yeye, na macho yake yale, aliliona hilo.

Walijikaza wale watatu kutwa nzima. Walisusa, wakakaa mbali chini ya kivuli, wakigusa simu mara kwa mara ili wajione. Jua lilipowakausha mpaka udongo mwekundu ukawadondoka kama magamba, wakaja mmoja mmoja mpaka mlango wa kichuguu. Ndovu alipiga magoti ili sauti iingie ndani.

"Fundi Chiku," alisema. "Tunaomba ile ya wadogo."

"Hakuna ya wadogo, Mzee. Kuna ya maji, na kuna ya picha."

"Ya maji," alisema Ndovu, polepole.

Chiku hakuwanyima. Kiu haijui cheo, naye alikuwa amekwisha kuuona mdomo wa mtoto uliopasuka. Aliwafutia picha, sauti, pembe na vyeo vyote kumi na vinne, akawawekea kitufe. Zamu aliwapa kwa kadiri walivyochelewa kuandikishwa, yaani ya mwisho, baada ya Kobe.

Na Kobe, wanangu, hunywa kama anayeonja chumvi. Tone moja, anafumba macho. Tone la pili, anafikiri. Ndovu, Kiboko na Kifaru walisimama foleni nyuma yake, ndimi nje.

Basi jueni hivi: anayebadili makubaliano kila siku ili kuwachosha wenzake, ipo siku atafuta lile lililokuwa likimnywesha yeye mwenyewe.